Sayyidna Umar bin Al-Khattab na Daftari la Baitulmali



Hapana mtoto wa Kiislamu katika miji yetu ya pwani asiyelisikia jina la Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.). Chuoni husimuliwa ushujaa wake, na misikitini hutajwa zuhudi yake, viraka vya nguo yake, na kuzunguka kwake usiku katika vichochoro vya Madina. Khabari hizo zina manufaa, lakini zimetuzoeza kumwona kuwa ni mtu mwema aliyekuwa akitoa sadaka, basi. Mara chache twakumbushwa ya kuwa alikuwa pia mtungaji wa kanuni, na ya kuwa sehemu kubwa ya kazi yake katika miaka kumi ya ukhalifa ilikuwa ni kulijibu swali ambalo kila serikali huulizwa mpaka leo: mali ya watu wote ikishakusanywa, itolewe kwa nani, kwa kadiri gani, na kwa utaratibu gani hata asidhulumike mtu? Katika kurasa hizi twataka kuyaeleza maisha yake kwa upande huo.

ASILI YAKE

Alikuwa ni Umar mwana wa Al-Khattab mwana wa Nufayl, wa ukoo wa Banu Adiyy katika Makureshi. Ukoo huo ulikuwa na heshima yake, walakini haukuwa na nguvu wala mali kama Banu Umayya au Banu Makhzum. Ujanani mwake alikuwa akichunga ngamia wa babake, naye Al-Khattab alikuwa mzee mkali asiyemhurumia kwa kazi. Alipokuwa mtu mzima akafanya biashara. Alikuwa pia katika Makureshi wachache waliojua kusoma na kuandika, na jambo hili tulitie akilini, kwani litatufaa mbele.

Kusilimu kwake na kuhama kwake ni mambo mashuhuri, hatutayarefusha. Alishika ukhalifa katika mwaka 13 wa Hijra (634), alipofariki S. Abubakar (R.A.), na katika muda mchache Sham, Iraki na Misri zikaingia katika dola ya Kiislamu. Mji wa Madina, ambao watu wake walizoea kuhesabu tende na mbuzi, ukaanza kupokea mali isiyopata kuonekana katika Hijazi.

KANUNI YA S. ABUBAKAR

Wakati wa S. Abubakar mali iliyokuwa ikifika Madina ilikuwa ni kidogo, naye alikuwa akiigawa kwa usawa: mkubwa na mdogo, muungwana na mtumwa, mwanamume na mwanamke. Imepokewa ya kuwa mwaka wa kwanza kila mtu alipata dirhamu 7 na thuluthi, na mwaka uliofuata dirhamu 20. Wakaja watu wakamwambia ya kuwa wako Waislamu waliotangulia katika dini na kuteswa kwa ajili yake, basi wafadhilishwe juu ya wengine. S. Abubakar akajibu ya kuwa utangulizi wao anaujua sana, lakini malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Ama hii ni riziki ya kuishi, na katika riziki usawa ni bora kuliko kufadhilisha.

S. Umar hakuwa na rai hiyo. Yeye aliona si sawa mtu aliyempiga vita Bwana Mtume (S.A.W.) awekwe daraja moja na mtu aliyepigana pamoja naye. Tuzihifadhi rai za wawili hawa, kwani tutazirudia.

ARDHI YA IRAKI

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa ni ardhi ya Sawad, nayo ni nchi yenye rutuba baina ya Furati na Tigri. Jeshi lililoifungua lilitaka igawanywe kama ghanima: khumsi moja iwe ya Baitulmali na khumsi nne zigawiwe askari, pamoja na wakulima waliokuwamo. Na katika Masahaba wakubwa waliolishikilia jambo hili walikuwamo Abdurrahman bin Auf na Bilal, na Bilal alikuwa mkali zaidi kuliko wote katika kujadiliana. Hoja yao ilikuwa na nguvu. Wao ndio waliotoa roho zao, na Bwana Mtume alikuwa amepata kuigawa ardhi ya Khaibar.

S. Umar akakataa. Akauliza, ikiwa ardhi hii na wakulima wake watagawiwa na kurithiwa baba kwa mtoto, watakuja kukuta nini Waislamu wa baadaye? Na mipaka italindwa kwa fedha gani? Na wajane na mayatima wa miji hii na ile watapata wapi? Hakutaka kuwalazimisha watu kwa amri yake tu. Akawaita Ansari kumi, watano wa Aus na watano wa Khazraj, wenye heshima kwao, akawaambia ya kuwa yeye ni mmoja wao tu, na ya kuwa hataki wafuate matamanio yake bali waifuate haki. Majadiliano yakaendelea kwa siku mbili tatu. Kisha akapata dalili yake katika Sura ya Hashr, ambayo baada ya kuwataja Muhajirina na Ansari yawataja na wale watakaokuja baada yao, na ambayo yakataza mali isiwe ni kitu cha kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Hapo watu wakakubali.

Basi ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima wake, nao wakatozwa kharaji ya kila mwaka iingiayo Baitulmali. Tazameni, ndugu zangu, jinsi hukumu hii ilivyo. Waliokuwa wakidai walikuwapo, wana panga viunoni na sauti za kusikika. Na waliokuwa wakiteteewa hawakuwapo, wala walikuwa hawajazaliwa. S. Umar aliwasimamia wasiokuwapo. Na hili ndilo jambo la kwanza la kutazamwa katika kanuni yo yote ya matumizi ya mali ya umma: je, yule ambaye hakuzaliwa amewekewa fungu lake, au ameliwa kabla ya kuja duniani?

KUPIMA KABLA YA KUTOZA

Hakukadiria kharaji kwa kubahatisha. Alimpeleka Uthman bin Hunayf, mtu aliyejulikana kwa ujuzi wa kazi hiyo, pamoja na Hudhayfa bin Al-Yaman, wakaipima nchi. Uthman akapata jarib 36,000,000, na jarib ni kipimo cha ardhi cha zama hizo. Kila zao likawekewa kiasi chake: shamba la nafaka dirhamu moja na kibaba maalumu cha nafaka yenyewe kwa kila jarib, na shamba la mizabibu dirhamu 10, kwa kuwa pato lake ni kubwa zaidi. Ama jizya kwa watu wa nchi ile ikawa daraja tatu: tajiri dirhamu 48, wa katikati 24, na afanyaye kazi kwa mikono yake 12, wanawake na watoto hawakutozwa.

Kharaji ya Iraki ilipokuwa ikifika, walikuwa wakija pamoja nayo watu kumi wa Kufa na watu kumi wa Basra, waapishwe mara nne kwa Mwenyezi Mungu ya kuwa mali ile ni halali, hakudhulumiwa kwayo Mwislamu wala asiyekuwa Mwislamu. Na siku chache kabla ya kuuawa kwake, aliwaita Uthman na Hudhayfa akawauliza kama wameitwisha ardhi mzigo isiouweza. Walipomjibu ya kuwa inauweza, aliwataka watazame tena. Hakuona ya kuwa wema wa matumizi hutakasa dhulma ya makusanyo. Fedha iliyonyang'anywa mkulima haiwi halali kwa kupewa yatima.

DAFTARI LAANDIKWA

Siku moja Abu Hurayra alikuja kutoka Bahrain na mali. S. Umar akamwuliza kiasi chake, akajibu ni dirhamu 500,000. S. Umar hakuamini masikio yake. Akadhani ya kuwa mwenziwe ana usingizi, akamwambia aende akalale, arudi asubuhi. Asubuhi Abu Hurayra akarudia hesabu ile ile, akihesabu laki moja moja mpaka laki tano. Ndipo S. Umar akapanda mimbari akawapa watu khabari, akawauliza kama wanataka wapimiwe kwa kibaba au wahesabiwe moja moja.

Akataka shauri. S. Ali akaona mali yote igawanywe kila mwaka isibakizwe kitu. S. Uthman akaona mali imekuwa nyingi, na ikiwa hawataandikwa watu hata ajulikane aliyepata na asiyepata, mambo yatachafuka. Al-Walid bin Hisham bin Al-Mughira akaeleza ya kuwa alipokuwa Sham aliwaona wafalme wa huko wana madaftari, na askari wao wameandikwa. S. Umar akalipokea shauri hilo. Hakuona aibu kulichukua jambo jema kwa mataifa mengine, maadamu halipingani na dini, wala hakusema ya kuwa mababu hawakufanya hivi. Na hili ni funzo kwa wale wetu wanaoliona kila jambo jipya kuwa ni bidaa. Wengi katika wanahistoria wataja ya kuwa haya yalikuwa mwaka 20 wa Hijra, na wako wasemao mwaka 15.

Akawaita wajuzi watatu wa nasaba za Makureshi: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Naufal na Jubayr bin Mut'im, akawaamrisha waandike watu kwa koo zao. Wakaanza na Banu Hashim, wakafuatisha ukoo wa S. Abubakar, kisha Banu Adiyy, ukoo wa S. Umar, wakifuata mpango wa ukhalifa. Alipolitazama daftari akasema ya kuwa angependa iwe hivyo, lakini waanze kwa jamaa za Mtume, aliye karibu kisha aliye karibu, mpaka Umar wamweke pale alipomweka Mwenyezi Mungu. Banu Adiyy wakamjia kulalamika, wakimtajia ya kuwa yeye ndiye Khalifa. Akawakemea, akawaambia ya kuwa wataka kula mgongoni mwake huku yeye akitoa mema yake kwa ajili yao. Ukoo wake ukabaki mbali.

Kisha zikatajwa posho za kila mwaka. Waliohudhuria Badr waliandikiwa dirhamu 5,000. Waliohama kabla ya kufunguliwa Makka 3,000. Waliosilimu siku ya kufunguliwa Makka 2,000. Wake wa Bwana Mtume waliwekwa juu ya wote. Usama mwana wa Zayd aliandikiwa 4,000, na Abdallah, mwana wa Khalifa mwenyewe, 3,000. Abdallah akauliza sababu ya kuzidiwa na Usama, ilhali naye alihudhuria vita. Babake akamjibu ya kuwa Usama alikuwa akipendwa na Mtume kuliko yeye, na baba wa Usama alikuwa akipendwa na Mtume kuliko baba yake. Mwana akanyamaza.

Faida ya daftari, ndugu msomaji, haikuwa ni wingi wa dirhamu. Kabla yake mtu alikuwa akipata kwa kuwa yupo mlangoni, au kwa kuwa anajulikana, au kwa kuwa ameomba. Baada yake mtu alipata kwa kuwa jina lake limeandikwa. Mwenye haki iliyoandikwa hahitaji kumsifu mkubwa wala kumbusu mkono. S. Umar alisema ya kuwa akiishi, hata mchungaji aliye katika milima ya Yaman itamfikia haki yake katika mali hii, naye yuko pale pale alipo, uso wake haujaiva kwa haya ya kuomba. Naye alikuwa akilichukua mwenyewe daftari la kabila la Khuzaa mpaka Qudayd, nje ya Madina, akawaita wanawake mmoja mmoja, mwanamwali na aliyekwisha kuolewa, akampa kila mmoja fungu lake mkononi mwake. Hakumpa mume ampelekee, wala hakumpa mzee wa kabila amgawie.

KILIO CHA KITOTO

Tumefika kwenye kisa ambacho kwa rai yetu ndicho kiini cha khabari hii yote. Katika kanuni yake ya kwanza S. Umar alikuwa amewawekea posho watoto walioachishwa ziwa. Kitoto kinyonyacho hakikuandikiwa kitu. Kwa akili ya haraka kanuni hii haina kosa, kwani anyonyaye chakula chake kiko kwa mamake.

Ukaja msafara wa wafanyi biashara, ukatua katika uwanja wa kusalia nje ya mji. S. Umar na Abdurrahman bin Auf wakatoka usiku kuulinda na wezi, wakawa wanasali na kulinda. S. Umar akasikia kitoto kikilia, akenda akamwambia mama amche Mungu, amtunze mwanawe. Akarudi mahali pake, kilio kikaanza tena, akamwendea mara ya pili. Mwisho wa usiku akasikia tena, akamwendea, akamlaumu kwa ukali kwa kuwa mtoto hakutulia usiku kucha. Yule mama, naye hamjui anayesema naye, akamjibu ya kuwa amemchosha tangu usiku kuingia. Yeye anamlazimisha mtoto kuacha ziwa, na mtoto hataki. Akamwuliza sababu. Akamjibu ya kuwa Umar haandiki posho illa kwa aliyekwisha kuachishwa. Akamwuliza umri wa mtoto, akamtajia miezi kidogo tu. Akamwambia asimharakishe.

Alfajiri S. Umar akasalisha, na watu hawakuweza kuisikia vyema kisomo chake kwa vile alivyokuwa akilia. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu, akajiuliza ni watoto wangapi wa Kiislamu aliowaua. Kisha akamwamrisha mpiga mbiu atangaze ya kuwa wasiharakishwe watoto kuachishwa ziwa, na ya kuwa kila mtoto azaliwaye katika Uislamu ataandikiwa tangu kuzaliwa. Akaandika barua kwa maliwali wa nchi zote. Mtoto aliyezaliwa akawekewa dirhamu 100, na akikua akaongezewa. Hata mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana baba wala mama, akawekewa 100 zake.

Tulitafakari jambo hili. S. Umar hakuwa na nia mbaya, wala karani wake hakuiba, wala hesabu haikukosewa. Na juu ya hayo kanuni ilikuwa ikitesa vitoto, kwa sababu mwenye kuiandika hakujua mama maskini angefanya nini ili aipate. Nia njema haitoshi kuifanya kanuni kuwa njema. Kanuni hupimwa pale inapomwangukia mtu wa mwisho, naye mara nyingi ni mtu asiyejua hata sura ya mtawala. Na yule Khalifa hakumlaumu mama kwa hila yake. Alijilaumu nafsi yake, akaigeuza kanuni asubuhi ile ile, na akatangaza kosa hadharani kama alivyotangaza sheria.

CHAKULA CHAPIMWA

Alipotaka kuweka posho ya chakula, hakukadiria kwa macho. Aliamrisha jarib moja ya nafaka, na hapa jarib ni kipimo cha chakula, isagwe, ipikwe mikate, itiwe mafuta. Kisha wakaitwa watu 30 wakala mchana mpaka wakashiba. Jioni ikapikwa jarib ya pili wakala vivyo hivyo. Basi akajua ya kuwa mtu mmoja zamtosha jarib mbili kwa mwezi, mlo wa mchana na mlo wa jioni, akaziweka hizo kwa kila mtu: mwanamume, mwanamke na mtumwa. Kiasi cha posho kilitoka katika matumbo ya watu 30, hakikutoka katika dhana ya karani.

MZEE MWOMBAJI NA MWAKA WA NJAA

Imepokewa ya kuwa alimpita mzee kipofu akiomba mlangoni mwa watu, akamwuliza dini yake, akajibu ni Myahudi. Akamwuliza lililomfikisha hapo, akataja jizya, haja na uzee. S. Umar akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mtunza Baitulmali akamwamrisha amtazame mzee huyu na walio mfano wake, akaeleza ya kuwa si insafu kuula ujana wa mtu kisha kumtupa katika uzee wake. Akamwondolea jizya yeye na wenziwe. Hapa hakuishia katika sadaka ya mfukoni mwake, ingawa aliitoa. Aliligeuza jambo la mtu mmoja likawa kanuni ya wote walio kama yeye.

Na ulipofika mwaka 18, mwaka wa njaa kubwa ulioitwa Mwaka wa Ramada, mabedui wakamiminika Madina kwa maelfu. Abu Ubayda akaleta kutoka Sham ngamia 4,000 waliobeba chakula, na S. Umar akajiharimishia samli na nyama mpaka watu wapate, hata rangi ya mwili wake ikageuka. Mwaka huo hakuwatuma watoza zaka kwa wafugaji. Mvua iliporudi akawatuma wachukue zaka za miaka miwili, ya mmoja igawiwe wenyeji pale pale, na ya mmoja iletwe Madina. Kanuni yake ilijua kungoja. Haikumkamua mtu katika mwaka wa dhiki, wala haikuifuta haki ya maskini kwa kisingizio cha dhiki.

NAFSI YAKE NA JAMAA ZAKE

Juu ya posho yake mwenyewe, alijilinganisha na msimamizi wa mali ya yatima: akiwa na wasaa hujizuia, na akiwa na haja hula kwa wema. Akajihalalishia nguo mbili, ya kipupwe na ya joto, kipando cha kuhijia na kufanyia umra, na chakula cha mtu wa kadiri katika Makureshi, si tajiri wao wala fakiri wao. Bintiye Hafsa, mke wa Mtume, alipomjia kumkumbusha haki ya jamaa katika mali iliyofika, alimwambia ya kuwa haki ya jamaa zake iko katika mali yake mwenyewe, ama hii ni mali ya Waislamu. Na maliwali aliowatuma, alikuwa akiziandika mali zao kabla ya kwenda, na akiona zimezidi bila ya sababu, huchukua sehemu akairudisha Baitulmali. Na mjumbe wake katika kazi hiyo alikuwa Muhammad bin Maslama.

RAI ALIYOIFIKIA MWISHO

Sasa turudi kwenye khitilafu yake na S. Abubakar. Kufadhilisha watu kwa utangulizi kulikuwa na hoja, lakini miaka ilipopita matokeo yake yalianza kuonekana. Mwenye 5,000 alizidi kupata, akanunua, akafanya biashara, mali ikazaa mali. Na mwenye mia chache alibaki pale pale. Daftari lililoandikwa ili mali isizunguke baina ya matajiri lilikuwa lenyewe likiongeza matajiri. Imepokewa ya kuwa mwisho wa umri wake S. Umar alisema ya kuwa akiishi mpaka mwaka ujao atamwunganisha mtu wa mwisho na wa kwanza, wote wawe sawa katika posho. Yaani aliirudia rai ya S. Abubakar, aliyoipinga tangu miaka kumi.

Hakuishi. Mwisho wa mwezi wa Dhulhija mwaka 23 (644), alipokuwa akisalisha Alfajiri, alichomwa jambia na Abu Lu'lu'a, mtumwa wa Al-Mughira bin Shu'ba, ambaye alikuwa amemshitakia fedha anazotozwa na bwana wake kila siku, na S. Umar akaona si nyingi kwa kazi alizozijua. Akiwa katika uchungu wa jeraha alimwamrisha mwanawe Abdallah ahesabu deni lake, likapatikana kadiri ya 86,000. Mtu aliyegawa mamilioni akafa na deni, na akausia lilipwe katika mali ya jamaa zake, na isipotosha waombwe Banu Adiyy, kisha Makureshi, wala wasivuke hapo. Baitulmali hakuitaja.

S. Uthman aliendelea na daraja zile zile, na S. Ali aliposhika ukhalifa akarudi kwenye usawa. Rahimahumullahu wote.

TULIYO NAYO SISI

Ndugu msomaji, hatukuyaandika haya ili tujisifu kwa waliopita huku tumekaa. Leo sisi wa pwani tuna katiba ya nchi ya Kenya ya mwaka 2010, na kifungu chake cha 201 chaamrisha mambo ambayo msomaji wa maisha ya Umar hayamgeni: fedha za umma ziendeshwe kwa uwazi na kwa kuwashirikisha watu, matumizi yaiendeleze nchi yote kwa insafu, na walioachwa nyuma wawekewe fungu makhsusi, na mzigo na manufaa ya mali na mikopo yagawanywe kwa haki baina ya walio hai na vizazi vijavyo. Hili la mwisho ndilo lile lile la ardhi ya Sawad. Kaunti nazo zimewekewa angalau asilimia 15 ya mapato yakusanywayo na serikali ya taifa, na kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai, hupitishwa sheria ya matumizi, na wananchi huitwa kutoa maoni.

Basi ni wangapi wetu huenda? Tukiitwa arusini huenda, na tukiitwa kuamua ni nani atakayepewa maji, dawa na ada za skuli, twasema hayo ni ya wanasiasa. Kisha twarudi mabarazani tukilalamika. Yule mama wa Madina hakumjua Khalifa, lakini alisema ukweli wa hali yake alipoulizwa, na kwa neno lake sheria ya dola nzima ikageuzwa. Asiyesema, kilio cha mwanawe hakitasikiwa.

Na kabla ya kuwahesabu wakubwa, tujihesabu wenyewe. Misikiti yetu ina wakfu, ina nyumba za kodi, ina masanduku ya Ijumaa. Je, daftari lipo? Na likiwapo, lasomwa mbele ya jamaa wa msikiti? Na fakiri wa mtaa hupata kwa kuwa ameandikwa, au kwa kuwa amejipendekeza kwa msimamizi? Yule mwenye kutaka serikali iwe na daftari la Umar, na alianze kwake.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kusikia maneno wakafuata yaliyo mema. Wabillahi tawfiq.